Pedali ya Pili

Gari la kufundishia udereva likiungua klachi, hakuna mtu Gabrovo anayetafuta mpelelezi. Mkosaji anajulikana kabla chuma hakijapoa: ni mwanafunzi. Snezhina Lazova naye aliamini hivyo Jumamosi asubuhi aliposhuka basi mbele ya gereji ya Krum Gerdzhikov, tochi mfukoni na mkoba begani. Alikuwa askari wa usalama barabarani mpaka goti lilipomgomea, na tangu hapo alikuwa akikodiwa na watu waliotaka kujua nani kaharibu nini. Safari hii waliomkodi walikuwa wawili, na walikuwa hawasalimiani.

Mmoja wao alikuwa amesimama nje ya geti, mwanamke mfupi mwenye koti la kijani, zile nyuzi nyekundu na nyeupe ambazo watu wa huku huvaa mwezi wa Machi zikiwa bado mkononi mwake.

"Wewe ndiye mkaguzi?"

"Ndimi."

"Rumyana Docheva, mwalimu wa udereva. Andika kwamba huyu mzee ni mwizi, halafu twende nikununulie kifungua kinywa."

"Sijalitazama hata gari, mwalimu."

"Mimi nimemtazama yeye. Inatosha."

Sauti nzito ikatoka ndani ya gereji. "Mwambie aingie! Getini hatutozi!"

"Hujalifikiria tu!" Rumyana akajibu kwa sauti ileile. "Mtu uliyemkata paka mkia ili mlango ufungwe haraka, joto lisitoke!"

"Wa kwako umemkata na masikio!"

Snezhina akapita katikati ya maneno hayo bila kupunguza mwendo. Watu wa Gabrovo wakitaniana kwa ubahili, bado wanaongea. Pa kuogopa ni wakinyamaza.

Krum Gerdzhikov alikuwa mzee mrefu, miwani yake imefungwa kamba ya kiatu isianguke ndani ya injini. Alimpa Snezhina kiwiko badala ya mkono wenye grisi.

"Masharti ni yaleyale?" Snezhina aliuliza, akisema kwa nguvu ili sauti ifike mpaka getini. "Nitakalosema ndilo la mwisho, hakuna kwenda mahakamani?"

Krum akatikisa kichwa kulia na kushoto, ndiyo ya watu wa huku Bulgaria. Rumyana naye, kule nje, akatikisa cha kwake vilevile.

"Kosa likiwa la mwalimu, atalipia klachi mpya pamoja na kazi ya ufundi. Likiwa la gereji, gereji itatengeneza bure."

"Nikilipa mimi, itabidi niliuze gari lenyewe," Rumyana alisema. "Shule yangu ina gari moja. Likiondoka hilo, nabaki mwalimu wa udereva anayetembea kwa miguu."

Gari hilo lilikuwa juu ya lifti, dogo, jeupe, na kibao cha mwanafunzi bado kiko juu ya paa. Giaboksi lilikuwa limeshushwa sakafuni. Pleti ya klachi ilikuwa juu ya meza, kwenye gazeti, kama samaki anayengoja kuparuliwa.

Snezhina aliigeuza chini ya tochi. Utando wake ulikuwa umeliwa mpaka kwenye ribiti, na uso wake ulikuwa mweusi unaong'aa. Aliinusa. Harufu ilikuwa bado kali. Pleti hii haikuvunjika wala haikupasuka. Ilikuwa imeteleza na kuteleza, haishiki sawasawa wala haiachii sawasawa, mpaka ikajichoma.

"Si unaona?" Krum alisema. "Mguu wa mwanafunzi haujui kushuka kwenye pedali. Anaupumzisha palepale kama yuko sebuleni kwao. Klachi inabaki nusu imeshika, nusu imeachia. Nilimwambia."

"Ulimwambia lini?"

"Jumanne, alipokuja na kelele zake."

"Baada ya kulitazama gari?"

Krum alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa kichafu kuliko miwani yenyewe. "Klachi ya shule ya udereva mtu ataitazama nini, binti yangu?"

Snezhina aliirudisha pleti kwenye gazeti. Alirudi getini.

"Anza Jumatatu," alimwambia Rumyana.

"Jumatatu asubuhi nilileta gari kwa sevisi. Oili, vichujio, hivyohivyo. Nikamwomba na kile kichujio cha hewa ya ndani, maana vioo vilikuwa vinaingia ukungu. Jioni nikalichukua. Jumanne, kilima cha hospitali, injini inalia gari halipandi, na harufu kama mtu anachoma kwato. Nikamwondoa mwanafunzi, nikakaa mwenyewe kwenye usukani. Harufu ileile. Nikalileta hapa. Akanicheka."

"Alisema nini hasa?"

"Alisema, 'Wafundishe kwanza kuvaa viatu, mwalimu, ndipo uwafundishe klachi.' Wateja wake wakacheka. Jumatano gari likafia palepale kilimani."

"Nani alikuwa anaendesha Jumatano?"

"Velichka Toneva. Muuguzi, ana miaka hamsini na kitu, amejifunza tangu vuli. Likamfia mbele ya hospitali anakofanya kazi, wenzake wakiwa madirishani." Rumyana alizungusha uzi mkononi mwake. "Hajarudi tena. Anasema ameniulia gari."

"Klachi ilikuwa ya zamani?"

"Iliwekwa mwaka jana, na huyuhuyu mzee."

"Tangu mwaka jana mpaka Jumatatu, ulishawahi kusikia harufu hiyo?"

Rumyana akanyanyua kidevu juu na kutelezesha ulimi kwenye meno. Hapana.

"Na tangu Jumatatu jioni, kuna mtu mwingine aliyegusa chochote ndani?"

Kidevu kikapanda tena.

Hapo Snezhina akaiweka kando imani aliyokuja nayo kwenye basi. Miguu ya wanafunzi huiua klachi polepole, mwaka mzima au miwili. Hii ilikuwa imekufa kwa siku mbili, na siku iliyotangulia hizo mbili gari lilikuwa limeshinda gereji.

Alirudi ndani. Ofisini kwa Krum, yaani meza na jiko la umeme nyuma ya kioo, kulikuwa na birika la kahawa. Fundi alikuwa ameinama juu ya beseni akisugua mikono, mtu wa makamo, nywele zimekatwa vizuri, ovaroli lenye zipu zote nzima. Ognyan, ndivyo Krum alivyomtaja kwenye simu, fundi wake mmoja tu; amerudi wakati wa theluji kutoka Stuttgart, Ujerumani, alikokuwa tangu ujana wake.

"Kahawa?" Snezhina alimuuliza, akijimiminia yake.

Ognyan alitikisa kichwa kulia na kushoto. Snezhina akammiminia kikombe, akampa. Ognyan alikitazama kikombe, akamtazama yeye, akasema asante, akakiweka juu ya sanduku la spana.

"Kichujio cha hewa ya ndani kinakaa wapi kwenye gari lile?"

"Chini ya dashibodi, upande wa abiria. Mahali pabaya. Lazima usogeze pedali za mwalimu."

"Nishushieni gari."

Lifti ikashuka ikilia. Snezhina akafungua mlango wa abiria, akasukuma kiti nyuma mpaka mwisho, akalala chali kwenye zulia la gari, goti likilalamika. Mbele ya uso wake zilikuwa pedali mbili za ziada, breki na klachi, zile mwalimu anazozikanyaga mwanafunzi akipotea. Kutoka pedali ya klachi waya mnene ulivuka hadi upande wa dereva. Mwalimu akikanyaga ya kwake, waya unavuta ya dereva, nayo inashuka. Asipokanyaga, waya unatakiwa ulegee kidogo tu, kiasi cha kutikisika kwa kidole.

Aliuwekea kidole. Haukutikisika. Ulikuwa umekazwa kama waya wa kuanikia nguo.

Alivuka na mkono hadi pedali ya dereva, akaipima kwa kiganja dhidi ya pedali ya breki. Ilikuwa imeshuka kidogo. Hakuna mtu aliyekuwa ameikanyaga, na ilikuwa imekanyagwa. Mwanafunzi aliyekuwa akipumzisha mguu kwenye klachi mchana kutwa alikuwa amepatikana, na hakuwa na mguu.

Akaleta tochi kwenye mwisho wa waya, penye nati ya kurekebishia. Mafundi wa kufunga pedali hizi huipaka nati rangi ikishakaa mahali pake. Alama ya rangi ya njano ilikuwepo, imekauka, ina vumbi. Nati haikuwa hapo tena. Ilikuwa imesogea mbele upana wa dole gumba, na meno ya hesi yaliyoachwa nyuma yalikuwa yanang'aa.

"Mzee Krum," aliita bila kutoka. "Njoo uiname hapa."

Krum aliinama. Alibaki ameinama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuona nati moja.

"Ni kweli umekazwa," alisema hatimaye. "Lakini haukutoka hapa hivyo."

"Ulitokaje?"

"Umelegezwa sawasawa. Nilimuuliza Ognyan mwenyewe kabla sijatoa funguo. Akasema ndiyo. Sasa mtazame yule pale getini." Aliteremsha sauti. "Miguu yake unaiona? Mifupi kama ya stuli. Mwalimu mwenye miguu ile anataka pedali imfikie karibu. Ana spana nyumbani, marehemu mumewe alikuwa fundi bomba. Amejikazia mwenyewe, sasa anatafuta wa kumlipia."

Lilikuwa wazo zuri, na Snezhina hakuwa na desturi ya kulitupa wazo zuri kwa kuwa limetoka kwa mtu mwenye faida nalo. Alitoka garini, akamwita Rumyana. Rumyana alikataa kuingia, lakini alitoa mguu wake mmoja na kuuweka ndani ya mstari wa geti ili upimwe, huku akimtukana Krum kwa utaratibu. Snezhina alipima kwa mkono toka goti hadi kisigino, akarudi, akapima kiti. Kiti cha mwalimu kilikuwa na reli. Alama ya kisigino kwenye zulia ilionyesha kwamba Rumyana alikuwa akikisogeza mbele mpaka mwisho. Pedali ilikuwa ikimfikia bila shida. Hilo halikumwondolea kila shaka, ila lilimwondolea sababu.

Akabaki fundi.

"Ognyan," alisema. "Nieleze kichujio, kuanzia ulipofungua mlango."

Ognyan alieleza vizuri, mikono yake ikifanya kila alichokisema. Alifungua kibao kinachoshika pedali za mwalimu, akakisogeza. Akatoa kichujio cha zamani, akaweka kipya. Wakati wa kurudisha, kibao kilikuwa kinacheza, kwa hiyo akakaza nati ya waya mpaka mwisho ili waya wenyewe ukishike wakati anafunga bolti.

"Kisha ukailegeza nati."

"Bado. Kulegeza ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwa dereva anakanyaga, mwingine anapima. Nilikuwa peke yangu. Nikaenda kujaza hewa kwenye matairi ya lori la mkate nikimsubiri mzee Krum."

"Naye akaja?"

"Alifika mlangoni. Akaniuliza kama waya wa mwalimu nimeshaulegeza. Nikamjibu bado."

"Mwongo!" Krum alikuwa nyuma yao. "Mbele yangu! Kijana nimekupa kazi, umetoka na sanduku lako kwenye basi, hata mama yako hajajua umefika!"

"Nilikujibu bado, mzee."

"Ulijibu ndiyo!"

"Nikadhani utaumaliza mwenyewe. Nilipotoka kwenye lori gari halikuwepo."

Wote wawili walikuwa wamewiva usoni, na hakuna aliyekwepesha macho. Snezhina alikuwa amewahoji waongo wengi pembeni mwa barabara. Mwongo huongeza maneno. Hawa walikuwa wanarudia yaleyale. Alirudi hatua moja nyuma ili awaone wote kwa pamoja.

"Mzee Krum, ulikuwa umesimama wapi ulipomuuliza?"

"Palepale mlangoni."

"Na wewe, Ognyan, ulikuwa wapi?"

"Kwenye lori, pale. Kompresa iko pembeni yangu."

"Ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inanguruma, ndiyo."

"Basi hakuna aliyesikia sauti ya mwenzake."

"Mimi nilipiga kelele," Krum alisema. "Na nikauonyesha waya kwa mkono."

"Nilimwelewa," alisema Ognyan.

"Na jibu? Mzee Krum, alikujibu kwa mdomo?"

"Kwa mdomo nani angesikia? Alitikisa kichwa."

"Ognyan?"

"Nilitikisa kichwa."

Hapo ndipo Snezhina alipogeuka akatazama sanduku la spana. Kikombe cha kahawa kilikuwa palepale, kimejaa, kimeshafanya utando juu.

"Hunywi kahawa?" aliuliza.

"Daktari amenikataza. Moyo."

"Mbona nilipokuuliza hukukataa?"

"Nilikataa," Ognyan alisema. "Ukanimiminia. Nikaona ni ukarimu."

Snezhina alikwenda kwenye kompresa mwenyewe, akaiwasha. Ngurumo ikajaa gereji, vioo vya ofisi vikaanza kutetemeka. Akamwonyesha Krum mlango kwa kidole, akamwonyesha Ognyan mahali pa lori. Wakaenda. Kisha akamfanyia Krum ishara: uliza.

Krum alipanua mdomo, hakuna kilichosikika, mkono wake ukaelekea kwenye gari jeupe.

Ognyan akatikisa kichwa. Kulia, kushoto, kulia.

Krum akageuka kwa Snezhina, mikono yote miwili imefunguka, kama kusema: si unaona mwenyewe, anakubali. Na Ognyan, kutoka upande wa pili, alikuwa ameifungua mikono yake vilevile: si unaona mwenyewe, ninakataa.

Snezhina akazima kompresa.

"Stuttgart," alimwambia Ognyan katika ukimya ule, "mtu akikataa anafanyaje na kichwa?"

Ognyan alianza kutikisa kichwa kulia na kushoto ili amwonyeshe, akakwama katikati. Akakishika kichwa chake kwa mikono yote miwili kana kwamba kingejibu tena bila ruhusa.

"Mama ananijazia supu," alisema polepole. "Kila siku. Namkatalia, anajaza. Nikasema uzee."

Krum alicheka, kicheko kimoja tu kikubwa, halafu kikamfia mdomoni maana alikuwa amefika kwenye mwisho wa hesabu. Alikaa juu ya tairi.

"Kwa hiyo hakuna aliyedanganya," alisema.

"Hakuna."

"Basi kosa ni la nani?"

"La gereji. Waya uliingia hapa umelegea, ukatoka umekazwa. Kichwa cha fundi wako kilisema nini hilo ni la nyumbani kwenu. Kuna na Jumanne, mzee Krum. Jumanne gari lilirudi hapa likiwa bado linaweza kuokolewa. Ungelala chali pale nilipolala, klachi ingekuwa hai."

Krum alimtazama Ognyan, ambaye alikuwa bado anakishika kichwa.

"Ongea kwa mdomo kuanzia leo," alimwambia. "Kichwa chako kipumzike mpaka kitakaporudi kutoka ugenini." Kisha akainuka, akatembea hadi getini, Snezhina akimfuata nyuma.

Rumyana aliwaona wanakuja, akafunga koti lake vifungo vyote.

"Klachi naiweka mimi," Krum alisema. "Mpya, na kazi bure. Ijumaa utaendesha."

Rumyana alimtazama Snezhina, si Krum. Snezhina akatikisa kichwa kulia na kushoto. Mabega ya Rumyana yakashuka, kidogo tu, kisha yakarudi mahali pake. Akavuka mstari wa geti kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, na Snezhina akamsimulia palepale, kwa maneno machache: nati, waya, kompresa, kichwa cha Stuttgart. Rumyana alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Umesikia," Krum alisema. "Hakuna hila iliyofanyika. Kijana alijibu kwa Kijerumani, nikasikia kwa Kibulgaria. Mimi upande wangu nimeubeba. Sasa na wewe ubebe wako. Umesimama hapa siku tatu unaniita mwizi, wateja wanapita, majirani wanapita, padri amepita. Niombe radhi, tuyamalize, uje unywe kahawa. Yule pale hanywi yake."

"Unataka radhi."

"Neno moja tu. Mimi si mwizi, Rumyana."

"Si mwizi. Nimesikia, na nikiulizwa nitasema hivyo." Alitoa funguo za akiba mfukoni, akamwekea Krum kiganjani. "Jumanne nilikuja na gari linanuka. Nilikuja kwako kwa sababu nakuamini tangu marehemu yuko hai. Hukufungua hata mlango. Ulishajua ni mguu wa nani kabla sijazima injini, ukawachekesha watu. Kesho yake Velichka akalia kwenye usukani mbele ya wenzake."

"Nilikuwa na kazi nyingi Jumanne."

"Kichwa cha Ognyan nakisamehe, kilikuwa ugenini. Cha kwako kilikuwa hapahapa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Ijumaa nakuja kuchukua gari, na radhi siombi."